Mahadhi Yaleyale, Mikono Mingine

Rafiki yangu mmoja, ambaye masikio yake nayaheshimu, aliniuliza kwa nini nimeung'ang'ania muziki ambao kwa maelezo yake ni wimbo mmoja unaorudiwa usiku kucha. Nilikuwa nimemsikilizisha rili tatu za Ireland, yaani mahadhi ya dansi ya haraka, zilizounganishwa, na ilipokwisha ya tatu yeye alikuwa bado anaingoja ya kwanza ianze. Sikumlaumu. Mahadhi ya dansi ya Ireland hujengwa kwa kipimo kisicho na huruma: sehemu ya kwanza ina vipimo vinane (vipande vidogo vya mapigo yanayolingana) na hurudiwa, sehemu ya pili ina vipimo vinane nayo hurudiwa, jumla vipimo 32, ambavyo kwa mwendo wa rili huisha katika muda unaozidi kidogo nusu dakika. Kisha mpigaji huanza upya, mara mbili au tatu, halafu huingia katika mahadhi mengine bila kutua. Mwenye kusubiri kiitikio, au ubeti utakaobadili hali ya mambo, atasubiri sana.

Jambo la pili linalomchanganya msikilizaji mgeni ni kwamba muziki huu, katika asili yake, hauna sauti za chini za kuusindikiza. Ni mstari mmoja tu. Mpiga fidla aliyekaa jikoni kwake katika kaunti ya Sligo au Donegal hakuwa na haja ya mtu wa kumtilia kordi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na walipokutana watano walipiga wote mahadhi yaleyale, kila mmoja akiyapamba kwa namna yake: huyu anakata noti kwa kidole, yule anaizungusha, wa tatu anaipita kimya. Waimbaji wa mtindo wa kale wa Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, uitwao sean-nós huimba peke yao kabisa, bila ala. Kwa hiyo anayeunda kikundi chenye gitaa, besi na piano ili apige muziki huu anajitwika swali ambalo wazee hawakumwachia jibu: niweke nini chini ya mstari ambao umeishi karne nzima bila kuwekewa chochote? Mimi husikiliza vikundi vya Ireland ili kusikia jinsi kila kimoja kinavyolijibu swali hilo.

Majibu mabaya yapo, na ni ya zamani. Michael Coleman, mpiga fidla kutoka Sligo, alirekodi santuri huko New York katika miaka ya 1920, na santuri hizo zikarudi Ireland zikafundisha kizazi kizima jinsi ya kupiga. Fidla yake inang'aa. Nyuma yake, katika rekodi nyingi, yuko mpiga piano anayegonga kordi kama mtu aliyepewa anwani ya nyumba isiyo sahihi na ambaye hata hivyo anaendelea kubisha hodi. Kisha zikaja bendi za céilí, yaani za dansi ya kijamii, ambazo zilipata nguvu baada ya sheria ya mwaka 1935 iliyotaka kumbi za dansi ziwe na leseni. Dansi ilitoka majumbani ikaenda kumbini, na ukumbi ulidai sauti kubwa. Watu kumi walipiga mahadhi yote kwa pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, huku piano na ngoma zikishika mwendo. Kwa mchezaji dansi mpangilio huo unatosha kabisa, na Tulla na Kilfenora, bendi mbili za kaunti ya Clare, zimepigwa makofi kwa haki. Kwa aliyekaa kusikiliza, rangi zote zimechanganywa katika ndoo moja.

Aliyeipindua meza ni Seán Ó Riada, mtunzi aliyesomea muziki wa klasiki wa Ulaya, ambaye mnamo 1960 alianza kuwakusanya wapigaji wa jadi mjini Dublin katika kikundi alichokiita Ceoltóirí Chualann. Wazo lake likitajwa leo linaonekana dogo: si lazima wote wapige wakati wote. Filimbi ianze peke yake, fidla iipokee, akodiani iingie sehemu ya pili, kisha wote wanyamaze ili zumari ya kiriba imalize. Alimpa nafasi ya heshima mpiga bodhrán, ile ngoma ya ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mbao kama dufu, ambayo kabla ya hapo ilionekana zaidi katika maandamano ya siku ya pili ya Krismasi kuliko mbele ya hadhira. (Wapigaji wenyewe wana utani usiokwisha kuhusu watu wanaofika kwenye kikao na bodhrán bila kujua kuipiga; nimeusikia wa kutosha na sitauongeza.) Ó Riada alifariki mwaka 1971 akiwa na miaka 40 tu. Paddy Moloney, aliyekuwa mmoja wa wapigaji wake, alikwisha kuanzisha The Chieftains mwaka 1962, na kikundi hicho kikaupeleka mpangilio huo duniani kote, hata China mwaka 1983.

Hata hivyo, jibu lililonikamata mimi lilikuja muongo mmoja baadaye, nalo lilibebwa na ala isiyo ya Ireland. Johnny Moynihan aliileta buzuki ya Ugiriki, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, katika muziki huu katika miaka ya 1960. Ilipofika mikononi mwa Dónal Lunny na Andy Irvine, ambao mwaka 1972 waliunda Planxty pamoja na mwimbaji Christy Moore na mpiga zumari Liam O'Flynn, ilikuwa imeanza kupata uraia. Ilitengenezewa mgongo bapa badala ya tumbo la mviringo, na nyuzi zake hukazwa mara nyingi kwa sauti za G, D, A na D.

Hapa inanibidi nieleze jambo la kiufundi, kwa sababu siri yenyewe imejificha humo. Mahadhi mengi ya Ireland hayakutungwa katika ngazi mbili za noti ambazo sikio la muziki wa redio limezizoea, ile ya uchangamfu na ile ya huzuni. Huyumba baina ya hizo, na pengine hubadili upande katikati ya sehemu. Noti inayoamua kordi iwe ya upande gani ni ya tatu katika ngazi. Mpiga piano wa zamani aliipiga bila kusita, na hivyo akaulazimisha wimbo ukiri jambo ambalo haukusema. Buzuki iliyokazwa kwa namna ile humwezesha mpigaji kuiacha noti hiyo wazi, akatoa mwangwi wa noti ya kwanza na ya tano tu, na mstari wa juu ukabaki huru kwenda utakako. Sikiliza buzuki mbili za Planxty zikisukana chini ya zumari ya O'Flynn, moja ikienda mbele na nyingine ikiipisha, uone kama mahadhi yenyewe yamepotezwa hata noti moja.

Nimetaja zumari, nami sitaki kuipita mbio. Uilleann ni zumari ya kiriba, lakini mpigaji haipulizi kwa kinywa. Hewa hutoka katika mivukuto iliyofungwa chini ya kiwiko cha mkono mmoja na kuingia katika kiriba kinachobanwa kwa kiwiko cha pili. Jina lake lenyewe linatokana na neno la Kigaeli la kiwiko. Kwa kuwa hewa haina unyevu wa pumzi, sauti yake ni kavu na ya upole, ya kufaa chumbani, na hufika oktavu mbili. Pembeni ya bomba la vidole kuna mabomba matatu yanayolia noti moja bila kukoma, na juu ya hayo kuna mengine matatu yenye funguo, ambayo mpigaji huyabonyeza kwa ukingo wa kiganja ili kutoa kordi huku vidole vikiendelea na mahadhi. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji huu katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Kwangu mimi, muhimu zaidi ni kwamba ala ya jadi kuliko zote ilikuwa tayari na kordi chache, za ghafla, zinazokuja na kuondoka. Wanaosema kwamba kordi ni uchafu ulioletwa na vijana wa miaka ya 1970 hawajamtazama mpiga zumari kiganjani.

The Bothy Band, iliyorekodi albamu yake ya kwanza mwaka 1975 na kusambaratika mwaka 1979, ililijibu swali lile kwa moto. Lunny alikuwamo tena na buzuki, Mícheál Ó Domhnaill na gitaa, dada yake Tríona na klavineti, kinanda cha umeme, na mbele yao zumari ya Paddy Keenan, filimbi ya Matt Molloy na fidla, kwanza ya Tommy Peoples kisha ya Kevin Burke. Wanaposukuma rili, ala za chini hazifuati mahadhi kwa nyuma wala haziyaburuti. Hugonga katika nafasi zilizoachwa na fidla, na mtu huhisi kwamba sakafu yenyewe inakwenda. Kosa la wengi waliowaiga lilikuwa kudhani kwamba siri ni kasi. Nimekaa katika maonyesho ya vikundi vya baadaye, vyenye seti kamili ya ngoma na vipaza sauti vya kutikisa kifua, nikatoka bila kukumbuka mahadhi hata moja, kwa kuwa yalikuwa yamefukiwa.

Kinyume cha hayo ni Martin Hayes. Alizaliwa Maghera, mashariki mwa Clare, akajifunza fidla kwa baba yake, P. Joe Hayes, aliyeiongoza bendi ya Tulla kwa miaka mingi. Wazee wa eneo lile husifu katika upigaji kitu wanachokiita mguso wa upweke, na Hayes aliufuata mguso huo kwa kupunguza mwendo kuliko mtu yeyote alivyothubutu kufanya jukwaani. Alikutana Chicago na mpiga gitaa Dennis Cahill, aliyefariki mwaka 2022, mtu ambaye ningependa kila mpiga gitaa amsikilize kabla ya kununua nyuzi mpya. Cahill angeweza kukaa vipimo vinne bila kugusa waya, akatia noti mbili tu, na noti hizo mbili zikakufanya usikie upya kile ambacho fidla ilikuwa inakisema tangu mwanzo.

Wawili hao waliingia katika The Gloaming mwaka 2011, pamoja na mwimbaji wa Kigaeli Iarla Ó Lionáird, Caoimhín Ó Raghallaigh mwenye fidla iliyowekewa nyuzi za ziada zinazovuma zenyewe bila kuguswa, na mpiga piano Mmarekani Thomas Bartlett. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2014. Kipande chake kirefu kuliko vyote huzidi dakika 15, nacho huanza kwa utulivu ambao mtu asiye na subira angeudhani ni majaribio ya ala. Piano ileile iliyomharibia Coleman hapa huulizia tu, kwa noti zilizotawanyika, wakati mwingine Bartlett akiingiza mkono ndani ya ala na kuzizuia nyuzi. Sauti ya Ó Lionáird hupita na kuondoka. Fidla huokota kipande cha mahadhi, hukiacha, hukiokota tena. Rili za mwisho zinapofunguka hatimaye kwa mwendo kamili, mtu amekwisha kusahau kwamba hivi ndivyo vipimo vinane vilevile, mara mbili, kisha vinane vingine. Nawafahamu wapenzi wa jadi wanaolalamika kwamba huu ni muziki wa kiti cha ukumbi na si wa dansi. Ni kweli, na sioni kuwa ni hasara maadamu Tulla bado ina jukwaa lake.

Lankum wa Dublin wamekwenda upande mwingine kabisa. Katika albamu yao ya 2023 wamechukua ule mlio usiokoma wa mabomba ya zumari, wakaupanua kwa hamoniamu, konsetina na fidla zilizokokotwa polepole, hadi ukawa mzito kiasi cha kuogofya, kisha juu yake Radie Peat na wenzake wakaimba nyimbo za kale za vifo na bahari kwa sauti kavu isiyobembeleza. Watu huwaita wapya kupita kiasi. Mimi nasikia kitu cha kale kuliko kordi zote za Planxty, kwa maana mlio mmoja unaodumu chini ya sauti moja ndio ala zilizokuwa nao kabla ya gitaa kufika.

Kinachozuia majaribio haya yote yasiwe maonyesho matupu, nadhani, ni kwamba wapigaji hawa hawajahama nyumbani. Matt Molloy ana baa yake Westport, kaunti ya Mayo, na muziki hupigwa humo bila jukwaa. Tangu 1973, karibu kila Julai, wapigaji hujaa Miltown Malbay, Clare, kwa ajili ya shule ya kiangazi yenye jina la mpiga zumari Willie Clancy, na humo mwenye albamu kumi hukaa ubavuni mwa mtoto wa miaka tisa wakipiga jigi moja, aina nyingine ya mahadhi ya dansi. Huko hakuna anayemtilia mwenzake kordi za kushangaza. Anayejaribu hutazamwa kwa upole kwanza, kisha bila upole.

Rafiki yangu nilimrudia na kile kipande kirefu cha The Gloaming, nikamwomba aache kutafuta mahali inapobadilika fidla na badala yake aufuate mkono wa kushoto wa piano. Alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno, kisha akataka nirudishe nyuma dakika mbili. Akaniuliza kama hapo palikuwa na mahadhi mapya au yaleyale. Nikamwambia ni yaleyale, naye akanitaka nirudishe tena.