Mama Mdogo Aliponisindikiza

Juzi binti yangu wa kidato cha pili aliniuliza maana ya see off. Nikamwambia ni kusindikiza, tena kule kwa kweli: unamfikisha msafiri stendi au stesheni na hubanduki mpaka chombo kiondoke. Na msafiri anawekwa katikati, see her off, kama Kiswahili kinavyombana katikati ya “nilimsindikiza”. Akafungua kamusi (huyu haamini mtu) akanisomea maana nyingine: kutimua. Mbwa akimkimbiza mwizi mpaka getini, Mwingereza anatumia maneno hayohayo. Hata timu ikimshinda mpinzani aliyekuja kuitia hofu.

Mawazo yakanipeleka stesheni ya Tazara, Mbeya, na mama mdogo.

Nilikuwa nikiishi kwake na baba mdogo, na yaliyokuwa yakiendelea kati yetu nyumba ile siyasemi. Ilikuwa Julai, ile baridi ya kukufanya uongee huku unatoa moshi. Treni ilikuwa ya mchana, lakini mama mdogo alikuwa ameshajifunga kitenge tangu alfajiri. Mfuko wangu aliubeba mwenyewe kichwani, hakutaka niuguse. Ndani alipanga mchele wa Kyela, ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye gazeti, na maparachichi magumu kama mawe. “Yataivia hukohuko Dar,” alisema. Mdomo wa mfuko akaufunga kwa kipande cha kitenge, fundo juu ya fundo.

Treni ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kupanda. Akanitafutia kiti, akapandisha mfuko juu, akajaribu dirisha kama linafunguka. Kisha akashuka, akasimama chini yangu akiwa amenishika vidole.

“Ukifika tulia, mwanangu. Usiwe na haraka ya kurudi.”

Behewa likashtuka. Akaniachia, akaanza kutembea sambamba na treni huku akipunga mkono, mpaka ukingo wa jukwaa ukamzuia. Sijawahi kupungiwa mkono kwa bidii namna ile, na mtu yeyote.

Makambako, mahandaki ya kuelekea Mlimba, Dar, kazi, ndoa. Hayo yalipita yenyewe.

Nilikuja kumgusia baba mdogo siku moja, kwa utani, kwamba mkewe alinisindikiza kifalme.

“Huyo?” akasema. “Hata mimi hajawahi kunifikisha stesheni.”

Akacheka, nami nikacheka, ingawa nadhani kila mtu alicheka lake.