Kontena la Mombasa na bili ya kaboni ya Ulaya

Anayesafirisha parachichi, chai au kahawa kwa meli kwenda Rotterdam au Antwerp ameshaiona ile ada ya nyongeza kwenye ankara ya nauli, ikiwa na jina la kaboni au la mazingira. Wengi huilipa bila kuuliza imetoka wapi, na hapo ndipo pesa hupotea. Ukubwa wa bili hiyo hautegemei bendera ya meli wala nchi ya mzigo. Unategemea bandari ya mwisho ambako meli ilipakia au kupakua, na mafuta iliyochoma tangu hapo.

Sheria ni mbili, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni soko la vibali vya kaboni, EU ETS, lililoanza kuhusu meli tarehe 1 Januari 2024. Linagusa meli za mizigo na za abiria zenye ujazo wa tani 5,000 na zaidi. Safari kati ya bandari mbili za Umoja wa Ulaya huhesabiwa yote, na muda wa kukaa gatini Ulaya pia huhesabiwa wote. Safari ya kuingia Ulaya au kutoka huhesabiwa nusu. Moshi wa mwaka 2024 ulilipiwa asilimia 40 tu, wa 2025 asilimia 70, na kuanzia moshi wa 2026 ni asilimia 100. Mwaka huo wa 2026 methani na oksidi ya nitrasi (N2O) nazo zimeingia kwenye hesabu. Kwa mafuta mazito huongeza takriban asilimia moja na nusu.

Sasa, bandari ya mwisho ni ipi? Kusimama ili kujaza mafuta au kufanya matengenezo hakuhesabiki. Kontena likipanda meli ndogo Mombasa na kuhamishiwa meli kubwa Salalah, Oman, kipande cha Mombasa hadi Salalah hakimo kabisa kwenye sheria. Hesabu inaanzia Salalah. Meli ikitoka Mombasa moja kwa moja hadi Ulaya, inaanzia Mombasa. Wajanja walidhani wangekatisha safari kwa kutua Tanger Med (Moroko) au Port Said Mashariki (Misri) na kuhamisha makontena. Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, iliwawahi: bandari hizo mbili zimeorodheshwa, na meli ya makontena inayotua hapo kuhamisha shehena huhesabiwa kama haikutua.

Tuweke namba. Meli yenye mtambo wa kusafisha moshi inatoka Salalah, inazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Rotterdam, na kuchoma tani 2,000 za mafuta mazito. Kila tani ya mafuta hayo hutoa tani 3.114 za hewa ukaa, yaani jumla tani 6,228. Nusu yake ni 3,114. Tukichukulia kibali kimoja, cha tani moja ya hewa ukaa, ni yuro 70 (bei hupanda na kushuka kila siku sokoni), safari hiyo ni yuro 217,980. Kama imebeba makontena 6,000 yenye mzigo, ni kama yuro 36 kwa kontena. Hiyo ni bila gesi nyingine mbili na bila muda wa gatini.

Muda wa gatini ndio unaoharibu taarifa nyingi. Meli ikishafunga kamba, mafuta yanayochomwa na jenereta na boila yanatoka kwenye hesabu ya nusu na kuingia kwenye hesabu kamili. Kwa hiyo mhandisi anatakiwa apime matangi wakati wa kufunga kamba na tena wakati wa kuondoka, akiandika saa na kiasi kilichobaki kwa kila aina ya mafuta. Akitegemea taarifa ya adhuhuri (ripoti ya meli ya kila siku saa sita mchana) peke yake, mafuta ya gatini yanamezwa na ya safarini. Tani 40 za dizeli ya meli, kwa kipimo cha 3.206, ni tani 128 za hewa ukaa. Zikiandikwa kama za safari ya kutoka nje, tani 64 zinatoweka kwenye taarifa. Mhakiki atalinganisha vipimo vya matangi, stakabadhi za mafuta na kumbukumbu za bandari, na ataliona pengo.

Sheria ya pili ni FuelEU Maritime, iliyoanza 1 Januari 2025. Hii haihesabu tani za moshi bali ukali wa mafuta: gramu za gesi joto kwa kila megajuli, kuanzia kisimani hadi kwenye bomba la moshi. Msingi ni 91.16. Mwaka 2025 kikomo kilishuka asilimia 2, hadi 89.34, mwaka 2030 kitashuka asilimia 6, na 2050 asilimia 80. Mafuta mazito yapo karibu 91.74, kwa hiyo yamevuka tayari. Kwa meli yetu, nusu ya mafuta ni tani 1,000, na faini yake inafika takriban yuro 62,000. Kikomo cha 2030 kikianza, safari hiyohiyo itatozwa zaidi ya mara mbili na nusu.

Kuna njia za kuikwepa faini kihalali. Meli zinaweza kuunganishwa kwenye kundi, zenye ziada (zilizo chini ya kikomo) zikafunika zenye upungufu, alimradi jumla isiwe hasi na kila meli iwe kwenye kundi moja tu kwa mwaka. Unaweza pia kukopa kutoka mwaka unaofuata, lakini unarudisha na nyongeza ya asilimia 10, na huruhusiwi kukopa miaka miwili mfululizo. Meli za gesi asilia huuza ziada yao, ila angalia injini: ile ya mwendo wa taratibu inayodunga gesi kwa shinikizo kubwa hufika karibu 76, wakati ya mwendo wa kati yenye shinikizo dogo huvujisha methani hadi kubaki karibu 89. Mtu akikuuzia ziada ya meli ya namna hiyo, omba karatasi za injini kwanza. Mafuta ya mimea ya chakula nayo hayasaidii kitu; yanahesabiwa kama mafuta ya kisukuku mabaya kuliko yote.

Anayedaiwa ni nani? Kwa vibali ni mmiliki aliyesajiliwa, isipokuwa amemkabidhi kazi hiyo kwa maandishi msimamizi wa meli. Kwa FuelEU ni msimamizi moja kwa moja. Aliyekodi meli, ambaye ndiye hununua mafuta na kuamua njia, hayupo kwenye daftari la serikali. Lazima abanwe na mkataba. BIMCO, chama cha kimataifa cha wenye meli, ilitoa kifungu cha vibali kwa mikataba ya kukodi kwa muda tangu 2022. Taarifa iliyohakikiwa hutolewa kufikia 31 Machi, vibali hukabidhiwa kufikia 30 Septemba. Ukikosa, ni yuro 100 kwa tani, ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei, na vibali bado unadaiwa. Kwa FuelEU, kundi liwe limesajiliwa kufikia 30 Aprili.

Kwa mwenye mzigo, muulize wakala maswali matatu: hesabu imeanzia bandari gani, bei ya kibali ni ya lini, na FuelEU imo ndani au inatozwa kando. Ukikuta umetozwa kipande cha Mombasa hadi Salalah, kataa.