Jumanne za Ba

Leicester, Jumanne usiku

Basi dogo la kituo chetu cha kutwa, cha wazee wenye dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu), hufika saa nne kasorobo asubuhi, na cha kwanza ninachokikagua ni zulia la mlangoni. Zamani lilikuwepo jeusi la kufutia viatu. Mwenye dimensia akilitazama anaweza asione zulia, akaona shimo, na nani atakanyaga shimo? Wazee walikuwa wakigoma pale pale, wameng'ang'ania fremu ya mlango, na mgeni angedhani ni ukaidi wa uzeeni. Likawekwa jingine la rangi moja na sakafu, ugomvi ukaisha. Mlango wa choo nao umepakwa manjano uonekane tangu mbali. Anayetaka kuujua ugonjwa huu namshauri aanzie kwenye vitu hivyo, habari za ubongo atazisoma baadaye.

Jumanne ndiyo siku ya Ba. Tunamwita hivyo kama Wagujarati wanavyomwita mama wa makamo yake. Alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda, Ba alikuja na mumewe na watoto, katika lile kundi la watu zaidi ya 27,000 waliopokelewa Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja. Siku hizi barabara ya Belgrave Road hapa mjini huwashwa taa za Diwali, sikukuu ya Wahindu, kila mwaka, na mji unajisifia nazo.

Kiingereza alichojifunzia kiwandani kimemtoka karibu chote. Lugha iliyoingia mwisho mara nyingi ndiyo hutangulia kuaga. Amebaki na Kigujarati, na chini yake kumbe kulikuwa na Kiswahili. Tuligundua siku aliponisikia nikiongea kwa simu na nyumbani. Alininyooshea kidole: "Wewe! Kuja hapa. Leta chai. Pesi pesi!"

Wenzangu walipiga makofi, ati Ba amepata mtu wa kwao. Mimi nilikenua tu. Kiswahili hicho nakijua. Ndicho alichokuwa akisemeshwa mama yangu Mombasa, miaka aliyofua na kupiga pasi kwenye nyumba ya watu. Hakina tafadhali, hakina jina la mtu. Na Ba hana kingine, na umri wa kujifunza kingine umeshapita, na mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya koti. Nikaleta chai. Ilinichoma, na hata sasa kuna Jumanne inanichoma. Mafunzo ya kazi yanatuambia tumfuate mgonjwa pale alipo. Hayasemi ufanyeje ukimkuta yuko sebuleni kwake mwaka 1965, nawe ndiye yaya.

Nilichofanya ni kumpa kazi na yeye. Nilimwekea sinia la dengu, nikachanganya vijiwe viwili vitatu, nikamwambia, "Ba, hizi chafu." Akavuta kiti. Mwanamke aliyekuwa akitingisha mlango akitaka kwenda kwao akakaa anachambua hadi wakati wa chakula, vidole vinakwenda vyenyewe, jiwe likitoka analiweka pembeni bila hata kulitazama. Wiki nyingine tukasukuma chapati. Zangu ni za kwetu pwani, za kukunja na mafuta. Alizitazama kwa huruma. "Hapana hii!" Akaninyang'anya kifimbo cha kusukumia, akatoa chapati nyembamba, mviringo usio na kasoro. (Zilizoisha kwanza mezani ni zangu, lakini hilo sikumwambia.)

Alasiri ndiyo ngumu. Mwanga ukianza kufifia anamtafuta mumewe, mbona amechelewa kufunga duka. Hatumwambii kwamba alikufa, kwa sababu kwake hiyo itakuwa habari ya leo, na atafiwa upya kila siku tutakapomjibu. Namuuliza mumewe alipenda kula nini. Hapo hata Kiswahili kinapomwishia, mikono inaeleza.

Lakini ninayemfikiria zaidi usiku huu ni mkwewe, mke wa mwanawe. Leo basi lilikuwa bovu, akamleta mwenyewe. Saa tano nilipotoka kutupa taka nilimkuta bado yuko kwenye maegesho, ndani ya gari, kiti kimelazwa, shali usoni, amelala fofofo. Ba huamka saa nane za usiku kwenda kuwasha gesi apike chai ya mume, na mkwe huamka naye. Kila usiku. Sikumgonga kioo.

Kwa maoni yangu kituo ni cha huyu kama kilivyo cha Ba. Hata sheria ya matunzo ya Uingereza ya mwaka 2014 inampa mlezi haki ya kufanyiwa tathmini yake mwenyewe, mbali na ya mgonjwa. Kwenye karatasi ni nzuri. Halafu inakuja hesabu: mzee mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 anajilipia, na vituo vingi vimefungwa halmashauri zilipokaukiwa. Familia hii imepata siku moja kwa wiki.

Dada yangu aliyeko Likoni ana neno lake: "Huko kwenu mnawatupa wazee." Ba analala kwake kila usiku na saa tisa na nusu jioni huwa ameshachukuliwa. Anayeniambia hivyo anamuuguza mama mkubwa peke yake, na akienda Kongowea kununua mboga humfungia chumbani kwa kufuli, kwani alishawahi kutoka akaokotwa kivukoni. Simlaumu, afanyeje? Na hofu yake ina msingi. Hapo jirani tu, Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na kikongwe anayezurura usiku akiongea peke yake, watu hawamtafutii ushahidi mwingine.

Kwa hiyo leo nilimtumia ujumbe mrefu. Ukumbi wa madrasa ya mtaani uko mtupu asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Choo kipo, feni ipo, mikeka ipo. Nikamweleza habari za dengu, za mlango wa choo, na kwamba wazee wasiwe wengi na asiwepo hata mmoja wa kukaa bila mtu wa kumtazama. Nilitegemea anicheke. Amejibu kwa swali moja: "Na nani atapika?"

Nimemwambia tuanze na uji, Jumatano moja, aje na mama mkubwa na yule mzee wa nyumba ya pili. Unga na sukari nitatuma mimi. Amesema atamuuliza ustadhi baada ya Isha.