Bosi, kirikuu na bampa yangu

"Dada, tuyamalize hapa hapa, chukua elfu hamsini." Ndivyo alivyoanza kijana aliyenigonga kwa nyuma na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pale Kimara, kwenye foleni ya asubuhi. Buti haifungi, bampa iko chini, taa ya kulia imesagika. Hela yenyewe haitoshi hata rangi.

Nilikataa kwa hasira tu, wala si kwa ujanja. Kabla magari hayajasogezwa nikapiga picha: namba yake, tulivyosimama, na katoni za maji alizobeba. Hizo katoni nilizipiga bila kuwaza. Trafiki akaja, akachora mchoro, tukaenda kituoni. Kijana akakubali kosa, akalipa faini. Nikajua yameisha, kumbe faini ni ya serikali, bampa yangu ni shauri jingine.

Nikakimbilia kampuni yangu ya bima. Hapo nilichekwa kwa adabu. Bima ndogo niliyokata inalipa wale ninaowagonga mimi. Gari langu mwenyewe haiangalii. Wa kunilipa ni bima ya kirikuu. Miaka minne nakata bima na sikuwahi kulijua hilo!

Nikampigia mwenye kirikuu. "Mdai dereva," akasema, "mimi nilikuwa nyumbani nimelala." Dereva mwenyewe analipwa kwa siku, ningemdai nini, viatu?

Aliyenifumbua macho ni mjomba, karani mstaafu wa mahakama. Dereva aliyeajiriwa akifanya uzembe akiwa kwenye kazi ya mwajiri wake, mwajiri naye anawajibika. Angekuwa kalichukua gari kisirisiri kwenda harusini, hapo bosi angekuwa na pa kushika. Picha ya katoni ikapata kazi: ilionyesha kijana alikuwa kazini. Na kijana, Mungu ambariki, akanipa nakala ya karatasi ya mzigo wa siku ile.

Nikaandika barua ya madai, nikaambatanisha ripoti ya polisi na makadirio ya gereji mbili. Mjomba akanihimiza nisilale: madai ya uzembe yana miaka mitatu tu ya kufikishwa mahakamani. Nikaangalia namba ya kirikuu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, nikakuta bima yake ni hai. Nilipomtumia bosi barua pamoja na hilo, kelele zikaisha, akaenda kujaza fomu kwa kampuni yake ya bima.

Hawakunilipa zote. Mkaguzi wa magari alikuwa ameandika kwamba taa yangu ya breki ya kushoto, ile ambayo haikuguswa, ilikuwa haiwaki. Siku zote nilijua anayegonga kwa nyuma anabeba lawama yote. Wao wakasema na mimi nina sehemu yangu, wakakata. Nikawaka, nikasema naenda mahakamani.

Mjomba akaniuliza, "Hiyo taa ilikufa lini?"

Tangu Ramadhani. Nikasaini.