Theluji ya Røros kwa macho ya mpiga picha wa Malindi

Mimi ni mpiga picha wa hapa Malindi, na riziki yangu kubwa hutoka kwenye harusi. Theluji sijapata kuikanyaga. Hata hivyo, tangu mpwa wangu ahamie Røros, mji mdogo wa Norwe wenye nyumba za mbao na historia ndefu ya machimbo ya shaba, nimegeuka mshauri wake wa picha za theluji, na kadiri ninavyozitazama anazonitumia ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba aliyezoea kupiga picha za chumvi kule Gongoni anaijua theluji kuliko anavyodhani. Kamera haijali kama weupe umeshuka mawinguni au umetoka baharini.

"Mjomba, assalaam aleikum," aliniandikia katika msimu wake wa kwanza wa baridi. "Mbona huku nje ni peupe pepepe, lakini kwenye picha pametoka kama majivu?" Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, naye alikuwa ametoka mapema kabla magari ya kuikwangua hayajapita barabarani, jambo ambalo lilikuwa uamuzi wa busara. Picha zenyewe zilikuwa zimepangika vizuri. Kilichokosekana kilikuwa mwanga tu.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakitambui kinachotazamwa. Kimetengenezwa kwa kukisia kwamba chochote kilicho mbele yake hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia, na kwa mandhari ya kawaida yenye miti, kuta, udongo na watu, makisio hayo hayakosei sana. Theluji mpya, lakini, hurudisha zaidi ya asilimia 80. Kamera ikikutana na mwanga mwingi kiasi hicho hudhani kuna kosa, nayo huupunguza mpaka theluji ishuke na kuwa kijivu. Dawa ni kuibishia: uiongoze mashine kwa mkono, uzidishe mwanga kwa stopu 1 hadi 2, yaani mara mbili hadi mara nne ya ule uliochaguliwa na kamera. Kwenye simu, unagusa kioo mahali penye theluji, kisha unaisogeza juu ile alama ya jua inayojitokeza pembeni. Mimi huanza na stopu 1 na kuongeza kidogo kidogo huku nikichungulia sehemu nyeupe kabisa, kwa sababu weupe uliopoteza kila alama haurudishwi na programu yoyote, ilhali kijivu kinaweza kuinuliwa baadaye, hasa ukiwa umehifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata. Ndiyo maana siku ya jua kali huishia kwenye stopu 1 na nusu, na siku ya mawingu mazito ndipo ninapothubutu kufika 2.

Somo hili nililipata kwenye chumvi ya Gongoni. Ukishavuka daraja la Sabaki na kuipita Mambrui, barabara ya kuelekea Garsen inakufikisha kwenye eneo la mabwawa mapana ya kina kifupi, ambamo maji ya bahari husukumwa kwa pampu na kuhamishwa kutoka bwawa hadi bwawa huku jua na upepo wa kaskazi vikiyakausha. Kila lita ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, na maji hayo hulazimika kupungua hadi kufikia kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali kabla chumvi ya mezani haijaanza kutulia chini. Mabwawa ya mwisho hugeuka rangi ya waridi au wekundu kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hustahimili ukali wa maji hayo. Kisha inakuja chumvi yenyewe, iliyokusanywa na kulundikwa vilima vilima, na kati ya Januari na Machi, kabla masika hayajaharibu kazi, vilima hivyo huwa vingi na safi. Omba ruhusa langoni kwanza. Ni mahali pa kazi pale, na watu waliomo wana haki ya kuulizwa kabla hawajapigwa picha.

Ukifika saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa bado liko ubavuni, kilima cha chumvi kina mengi ya kusoma. Mifuo iliyoachwa na mabeleshi inaonekana mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa na upande unaong'aa na upande wenye kivuli. Chini kabisa, mahali ambapo maji bado yanachuruzika, chumvi imelowa na ina rangi nzito kuliko ile ya juu iliyokwisha kukauka. Chukua chembe chache uziweke juu ya kitambaa cheusi, mimi hutumia kipande cha buibui kuukuu, uzisogelee kwa lenzi ya karibu: utaona vijisanduku vya pembe nne, vingine vimezama katikati kwa ngazi ndogondogo zinazoshuka kuelekea ndani. Rudi pale pale saa sita mchana, na kilima kile kile kimekuwa doa jeupe lisilo na mgongo wala ubavu.

Kisa ni jua letu. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na katikati ya Machi, na tena karibu na mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli cha mtu hukaa chini ya nyayo zake. Weupe usio na kivuli hauna umbo. Røros iko zaidi ya nyuzi 62 kaskazini, na mwishoni mwa Desemba jua la huko, hata mchana wa saa sita, haliinuki zaidi ya nyuzi 4 hivi kutoka kwenye upeo wa macho. Nuru ambayo mimi huidamka alfajiri ili niipate kwa dakika chache, mpwa wangu hupewa mchana kutwa, ingawa mchana wenyewe ni mfupi. Kila unyayo wa mbwa, kila tuta dogo lililojengwa na upepo kando ya uzio, lina kivuli kirefu kinacholichora. Ninamwonea wivu, nami nimemwambia hivyo bila kuficha.

Vivuli hivyo hutoka na rangi ya buluu, na mwanzoni yeye alizoea kuifuta yote kwenye simu yake. Nilimsihi aache. Kivuli cha theluji hakipati jua bali mwanga wa anga peke yake, na anga ikiwa safi mwanga huo ni wa buluu kweli. Ukiuondoa wote, sehemu zilizopigwa na jua hugeuka manjano chafu. Ipunguze kidogo kama imezidi, basi.

Siku za mawingu hakuna kivuli cha kutegemea, na hapo ndipo mji unapomfaa. Røros ina nyumba za magogo yaliyoiva kwa rangi ya giza, na pembezoni mwa mitaa yake ya juu kuna vilima vyeusi vya mabaki ya kuyeyushia shaba, ambayo uchimbaji wake ulianza katika karne ya 17 na kukoma mwaka 1977. Kwa macho yangu, vilima hivyo ndivyo hazina ya mji ule, kuliko hata kanisa lake jeupe la mawe la mwaka 1784 ambalo kila mgeni hulikimbilia. Theluji nyembamba ikiangukia mabaki yale, weusi huchungulia kwa chini na kuonyesha kila mteremko. Kanisa jeupe, mbele ya anga nyeupe, juu ya ardhi nyeupe, ni mtihani ambao sioni sababu ya mtu kujitakia. Weusi huo pia husaidia theluji ikiwa bado inaanguka, kwa kuwa chembe zake hazionekani mbele ya anga, lakini mbele ya ukuta wa giza huonekana vizuri: kamera ikifunguka kwa sehemu 1 ya 500 ya sekunde zitasimama kama nukta, na kwa sehemu 1 ya 60 zitakuwa michirizi. Flashi aizime, la sivyo chembe zilizo karibu na lenzi zitawaka na kuziba kila kitu.

Kuna suala moja ambalo miongozo mingi ya picha za theluji hulipita, nalo kwetu ndilo la kwanza. Mtu mweusi akisimama mbele ya weupe, kamera inayouogopa mwanga huuzamisha uso wake gizani. Nimeliona kwa wafanyakazi wa chumvi, nimeliona kwa bwana harusi aliyevaa kanzu na kofia mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na nimeliona kwa mpwa wangu, ambaye katika picha zake za kwanza alikuwa kivuli chenye shali. Kanuni yangu ni kupima mwanga kwenye uso, na theluji nyuma yake ikipoteza alama mbili tatu, na ipoteze. Jambo la kufurahisha ni kwamba ardhi nyeupe yenyewe husaidia, kwa kuwa hurudisha mwanga kutoka chini na kulainisha giza la chini ya macho na kidevu, kazi ambayo kwenye harusi nalazimika kumpa kijana asimame akishika ubao mweupe.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo si ajabu huko, hufanya betri iishiwe nguvu upesi, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Hatari kubwa zaidi ni kuingia ndani. Kamera iliyopoa ikikutana na hewa ya joto yenye unyevu hulowa ndani na nje, jambo ambalo kila mpiga harusi wa Pwani analijua kinyumenyume: unatoka chumba cha bibi harusi chenye kiyoyozi, unafika bustanini, na lenzi imeshavaa ukungu. Suluhisho ni lile lile kwa pande zote mbili, kuifunga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuiacha humo mpaka ipate joto la mahali ilipo.

Mwaka huu ameanza kupiga chembe moja moja, akizipokea kwenye kipande cha sufu nyeusi, nami nimemsimulia habari za Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, ambaye mwaka 1885 aliunganisha kamera na hadubini akapiga picha ya chembe ya theluji, kisha akaendelea mpaka akawa na picha zaidi ya 5,000. Yeye alizipokea kwenye ubao mweusi, akazihamisha upesi kwa uangalifu, na kazi yote aliifanya kwenye banda lisilo na moto, kwa sababu joto kidogo tu lingezimaliza. Wakati mwingine huwaza jinsi mambo yangekuwa kama Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai, angekuwa na picha mkononi alipoeleza kwamba mwaka 1848 ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Kamera zilikuwepo tayari Ulaya, lakini yeye alikuwa na maneno tu, na mabingwa wa jiografia wa London walimbishia kwa miaka.

Picha ya vilima vyeusi nimeichagua niisafishe kwa ajili ya dada yangu. Karatasi ya kwanza ilitoka kijivu tena, kwa sababu mashine za kusafishia picha nazo zina kipimo chao kinachojirekebisha chenyewe, nacho hukisia kama kamera inavyokisia. Ukipeleka theluji, chumvi au kanzu kwenye duka la picha, mwambie fundi azime marekebisho hayo ya moja kwa moja kabla hajachapa, na umwombe kipande kidogo cha majaribio kwanza. Bei yake ni ndogo kuliko ya karatasi kubwa iliyoharibika.