Ofisi za serikali zikifunguliwa, mwenye jengo anza na maji

Jamani wenye majengo, kama umepangisha serikali na ofisi zilifungwa kwa ajili ya korona, kufungua sio kufagia na kuwasha taa tu. Mwaka 2020 kila mtu alikuwa anawaza barakoa na sanitaiza, kumbe maji yaliyolala kwenye mabomba wiki na wiki klorini yake inaisha na bakteria wa Legionella wanazaliana humo, na huyo humpati sana kwa kunywa, unamvuta na matone madogo ya shawa au bomba halafu unaishia na nimonia kali.

Mimi nilifungua bomba la jikoni ghorofa ya juu yakatoka maji rangi ya chai, nikasimama hapo mpaka yakawa meupe, roho inaniuma kabisa maana kesho yake mtu angejaza birika. Kwa hiyo fungua kila bomba, la moto na la baridi, hita ya tanki iwe angalau nyuzi 60, na ukivaa barakoa ile nzito ya N95 ni bora zaidi.

Viyoyozi navyo, badilisha filta, ikiwezekana weka MERV 13, yaani filta ya daraja la juu inayonasa chembe ndogo sana za hewani, kama mashine inaihimili, na uingize hewa ya nje zaidi.

Halafu soma mkataba. Kufuta vitasa na batani za lifti mara nyingi ni juu yako, ila akipatikana mgonjwa na ikabidi kupuliziwa dawa ofisi nzima, nani analipa? Muulize ofisa wa serikali mapema, akujibu kwa maandishi.