Kumcha Bwana Mchana Kutwa

Kuna wivu wa kutamani kizuri cha mwenzako, na kuna huu mwingine unaouma zaidi: kumwona aliyepita njia ya mkato akistawi, huku moyo ukiuliza chini kwa chini, "Na wewe, uaminifu wako umekufikisha wapi?"

Juzi kazini ilizungushwa kadi ya kumpongeza mtu aliyepandishwa cheo. Risiti zake zimepita mikononi mwangu. Sufuri ya mwisho ilikuwa na wino tofauti na tarakimu nyingine, nami nikatoa taarifa, na taarifa ikaishia hapo. Nikaishika ile kadi, nikitafuta la kuandika lisilo uongo. Nikaweka jina langu tu, nikampitishia jirani.

Usiku nikafungua Zaburi ya 73. Asafu, mwenye zaburi hiyo, hakuwa mwamini mchanga. Ndiye aliyepiga matoazi mbele ya sanduku la Mungu enzi za Daudi. Naye anasema wazi kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna, hata akaona amejisafisha moyo bure. Namshukuru Mungu kwamba maneno hayo yaliachwa ndani ya wimbo wa ibada, yasifichwe.

Kilichomponya ni kuingia patakatifu. Huko akautafakari mwisho wa wale watu, lakini wimbo hauishii kwao. Unamalizikia kwa Mungu aliyemshika mkono wa kuume, na kwamba kumkaribia Yeye ndiko kwema.

Ndiyo maana sipendi ile faraja tunayopeana, "Mwache, siku zake zinahesabika." Kungoja mtu aanguke ni kuendelea kumkodolea macho. Mithali 24 inakataza hata kufurahi adui anapoanguka, na Mithali 23:17 inataka tumche Bwana badala ya kuwahusudu wenye dhambi, tena mchana kutwa. Kwangu hiyo ni pamoja na saa nane mchana, nikiwa na karatasi mkononi ambayo hakuna atakayenipongeza kwa kuikataa. Nikikumbuka hapo kwamba Mungu ananiona, yule mtu ananitoka mawazoni. Hata cheo chake nasahau kukipima na changu.

Nimeanza pia kumwombea, kwa jina lake. Maombi yenyewe bado ni mafupi, na kumwombea atubu kunanijia upesi kuliko kumwombea mema.